Kitako cha Mninga

Bunduki, ndiyo, Papa, ulisikia sawasawa, na kabla hujamwita shangazi aje akushike mkono, nakuomba usome mpaka mwisho. Salio liliniishia kwenye neno baya kuliko yote. Nilitaka kusema: "Tumenunua bunduki na Bambo Kamwendo, ni yake, ana leseni, Byamungu ameitengenezea kitako." Wewe ukapata "Tumenunua bunduki," halafu kimya. Tangu siku ile napiga, simu yako haipatikani. Sijui ni umeme wa Kigoma au umeizima kwa hasira. Kwa hiyo nimekaa nje ya nyumba yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, daftari juu ya cherehani, nakuandikia kabla Mama Zawadi hajaondoka. Ni yule jirani yetu muuza vitenge. Anapita Mbeya kuja huko, na ameapa barua hii haitatoka kwenye mkoba wake mpaka ifike mkononi mwako.

Mguu wako unaendeleaje, Papa? Bado unakuuma asubuhi kukiwa na baridi? Na shangazi, anakumbuka kunywa dawa yake ya presha, au mpaka umkemee? Hapa baridi imeanza, vumbi nalo halijapungua, lakini hatuna mgonjwa. Mimi nimenenepa. Usicheke. Miezi mitatu ya ndoa na tayari nimefungua mishono ya blauzi mbili. Byamungu anapika nsima, huu ugali wa huku, vizuri kuliko mimi, na mi nakula tu kama mgeni. Asubuhi akienda karakana yake ya useremala sokoni, namsindikiza mpaka kwenye bomba la maji, halafu narudi nikitabasamu peke yangu njiani mpaka bamama wa foleni wananisema: "Huyu bado iko na mwezi wa asali!" Ndiyo, bado, na sitaki uishe.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Bambo Kamwendo, yaani Bwana Kamwendo, ni mwanajeshi mstaafu, Mmalawi, mwenye shamba kubwa kule Madisi. Nyani na nguruwe pori wanamlia mahindi mpaka anataka kulia. Polisi walimpa kibali cha kununua bunduki moja, na akasikia kuna duka Lilongwe lenye bunduki ya zamani ya jeshi, ile ambayo haihitaji kukokiwa kila mara: ukishafyatua, yenyewe inatupa ganda na kujipakia risasi nyingine, lakini kila risasi unavuta upya. Wewe unazijua, Papa, mlikuwa nazo porini. Shida ilikuwa kitako. Kilikuwa kimepasuka shingoni, na mwenye duka alisema kipya lazima kiagizwe nje. Bambo Kamwendo ana viti sita vya Byamungu barazani kwake. Akaja mwenyewe karakana, akamwambia: "Fundi, twende Lilongwe ukaione. Ukisema unaweza, nainunua. Ukisema huwezi, naiacha."

Njo maana nilisema "tumenunua." Bila mume wangu isingenunuliwa!

Nilienda nao, kwa sababu nilikuwa na safari ya kufuata nyuzi na zipu kule soko la Biwi. Njiani Byamungu alihesabu nguzo za umeme tu. Mi nilijua kwa nini, na wewe pia unajua. Nitafika huko. Dukani walitoa bunduki kwenye sanduku la chuma, imefungwa karatasi, imepakwa mafuta mazito ya rangi ya kahawia kama asali iliyozeeka. Byamungu alisimama mlangoni, mikono mfukoni, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mwenye duka akapangusa mafuta kidogo kwa kitambaa, mbao ikaonekana.

Papa, ungemwona! Mikono ilitoka mfukoni yenyewe. Akasogea. Akainama. Akaanza kufuata nyuzi za mbao kwa kidole, polepole, anaongea peke yake: "Angalia hapa... walikata vibaya, nyuzi zinapita kinyume, lazima ingepasuka tu... na huyu askari njo nani, amechora herufi zake na msumari... miaka mingapi amebeba hii..." Akaichukua, akaigeuza, akaiweka begani apime urefu. Mi nilishika mdomo. Mtu ambaye mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka, ameshika bunduki ya vita kama mtoto mchanga!

"Unaweza?" Bambo Kamwendo akauliza.

"Naweza. Niko na ubao wake. Mninga, mkavu kabisa."

"Basi unajua sheria yangu. Jeshini kwetu, aliyetengeneza kitako ndiye anayeweka shavu lake kwanza. Kikipasuka, kipasukie kwake. Umekubali?"

"Nimekubali, Bambo, nimekubali," anajibu, macho kwenye mbao.

Njo kosa lenyewe. Fundi mbao akiona mbao hasikii kitu kingine. Bambo akatia sahihi makaratasi yake, na sisi tulikuwa tumeshafika kwenye stendi ya basi ndogo wakati Byamungu aliposimama ghafla katikati ya watu.

"Riziki. Yule mzee alisema nani anapiga kwanza?"

"We," nikamwambia.

Akakaa juu ya gunia la mtu.

Papa, sasa niseme yale tusiyoyasema kwenye simu. Najua mtu alikutumia ile video ya harusi yetu. Batoto walipasua maputo nyuma ya meza ya keki, pa-pa-pa, na bwana harusi akapotea chini ya meza na suti yake. Bantu walicheka mpaka mhubiri akakaa chini. Na wewe ulinipigia kesho yake, hukuuliza keki ilikuwaje, uliuliza: "Huyo mtu atakulinda na nini?" Tangu siku ile, nikimpa simu akusalimie, unasema uko kazini. Papa! Umestaafu miaka yote hii!

Yeye anajua. Hajalalamika hata mara moja. Ila kila Jumapili ananiuliza, "Papa amesema nini juu yangu?" na mi natunga salamu. Nimekuwa mwongo mzuri sana kwa ajili yako. Byamungu alikimbia vita Fizi, Kongo, akiwa na miaka saba, kwa miguu, na njia aliyopita hajanisimulia hata leo. Wewe ulikaa na bunduki maisha yako yote, mlinzi wa pori, ulizisafisha mezani tukila. Kwenu ni vyombo vya kazi. Kwake yeye, ulikuwa mlio uliotangulia kila kitu alichopoteza.

Nikamwambia arudi kwa Bambo aseme hawezi kupiga. Akakataa. "Nimetoa neno langu. Na ule ubao nimeshamwahidi."

Nikuambie habari ya ule ubao, maana ndio ulionifanya nilie. Siku ya kwanza Byamungu aliponiona, nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, sijui hata kama nilikuwa nimechana nywele. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kununua ubao wa mninga, mbichi, akausimamisha nyuma ya nyumba yake, akasema huu ukikauka nitatengeneza kabati la vyombo la yule dada mwenye sauti nene. Alikuwa hajanisalimia bado! Miaka mitatu ubao ulikauka, na yeye alikuwa anakusanya ujasiri. Ndiyo ubao aliokata kwa ajili ya bunduki. Vyombo vyetu vya harusi bado viko kwenye maboksi chini ya kitanda. Nilimuuliza kwa nini huo na si mwingine. Akasema: "Mwingine mkavu namna hii sina. Na kama kitapasuka kwenye shavu langu, nataka kiwe kile nilichokisubiri vizuri."

Sasa niambie kama si mwanaume huyo.

Na usiogope, Papa: bunduki haikuingia kambini hata dakika moja. Sisi ndio tulioifuata Madisi, tukiwa na ruhusa, tukakaa wiki nzima kwenye kijumba cha wageni cha Bambo. Bunduki ilikaa kwenye sanduku la chuma, funguo shingoni kwa Bambo, na akiitoa kwa kupimia anakaa pembeni na kikombe chake cha chai mpaka airudishe. Byamungu alichonga kwa randa, kwa patasi, kwa kipande cha chupa, kwa msasa, halafu kwa kiganja tu. Ndani ya kitako, pale ambapo kibati cha chuma kinafunika na hakuna atakayeona, aliandika kwa ncha ya patasi: RIZIKI. Akanionyesha, akafunika, akakaza skrubu. Mi nilishona mfuko wa turubai wa kuibebea, na ukanda, mshono mara tatu. Mke wa Bambo, Amayi, alitusogelea kila saa na mihogo ya kuchemsha akisema, "Hawa wawili hata kazi wanafanya kama wanachumbiana."

Siku ya kujaribu ilikuwa asubuhi, jua zuri. Bambo alichagua kichuguu kikubwa mwisho wa shamba, hakuna nyumba wala njia nyuma yake, akaweka dumu tupu la mafuta mbele ya kichuguu. Hakuanza na shavu la mtu. Ana akili yule mzee. Aliifunga bunduki juu ya matairi mawili, akafunga kamba ndefu kwenye kifyatulio, akatuweka wote mbali, kwenye shamba la karanga. Wafanyakazi kama kumi walikuja kutazama. Amayi alinipa pamba, nikamwekea Byamungu masikioni. Moyo wake niliusikia kwenye vidole vyangu.

Bambo akavuta kamba.

Papa, ulikuwa mlio! Ndege wote waliondoka kwenye miti. Na mi nikajikuta uso umeingia kwenye udongo, majani ya karanga mdomoni. Byamungu alikuwa chini, na mi chini yake. Kiwiko chake kilikuwa kimefunika kichwa changu. Nikasikia wafanyakazi wanacheka, na mmoja akapiga kelele kwa Kichewa, hata mi nilielewa: "Fundi! Karanga bado hazijakomaa!" Mwingine: "Mwache, anatafutia mke wake mboga!"

Hakusimama. Alizidi kunibana chini ya kiwiko chake. Na mi nikiwa pale chini, udongo kwenye meno, nikaelewa kitu ambacho sikukielewa siku ya harusi kwa sababu nilikuwa naona aibu na gauni langu limechafuka. Ile video ilichukuliwa kutoka upande wa mlango, Papa. Inaonyesha bwana harusi anapotea. Haionyeshi mkono wake. Mkono ulinivuta mi kwanza. Chini ya meza alikuwa amenifunika na koti lake, na mi nilimsukuma nikisema "Ni maputo tu, unaniaibisha." Mara mbili sasa huyu mtu ameamini risasi imekuja, na mara mbili hakwenda chini peke yake.

Uliuliza atanilinda na nini. Nimekujibu.

Basi sikuinuka. Nikabaki nimelala pale na kitenge changu cha Jumapili, nikamtoa pamba sikio moja, nikamwambia yale uliyonifundisha nilipokuwa mdogo, ulipokuwa unasafisha bunduki na mi naogopa. Unakumbuka? Nikamwambia: "Papa yangu alisema risasi inakimbia kuliko mlio wake. Ukisikia mlio, ile risasi imeshapita na we bado uko hapa. Mlio ni habari kwamba uko mzima."

Akanigeuzia uso. Akauliza, "Papa yako alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Kwa hiyo ile yote niliyosikia njiani..."

"Yote ilikuwa imeshapita."

Akacheka, Papa. Kicheko kidogo, na machozi, na udongo kwenye paji la uso. Akasema, "Riziki, mbona haukuniambia hii kabla ya harusi?" Mi nikamwambia, "Ulikuwa hujaniuliza." Akainuka, akaninyanyua, akanipangusa kitenge mbele ya wale wote. Akamwambia yule mchekeshaji: "We kaa karibu, nikimaliza nakupa patasi uchonge na we." Watu wakapiga makofi.

Bambo alikuwa ameshakagua kitako: hakuna hata ufa wa unywele. Akamwambia polepole, si kwa kumchokoza, "Fundi, naweza kupiga mimi. Nakuachia."

"Hapana, Bambo. Ni ubao wangu."

Bambo akampa risasi tatu. Akasimama nyuma yake, akamwonyesha miguu, bega, pumzi. Mi nilisimama nyuma ya Bambo, sikuweza kukaa. Byamungu akaweka shavu kwenye mninga wake. Nilimwona anafumba macho, nikapiga kelele, "Fumbua, utaua kichuguu cha jirani!" Akafumbua. Akavuta.

Bunduki ilimsukuma nusu hatua, na ganda likaruka likang'aa kwenye jua na kuanguka kwenye mikunjo ya kitenge changu, moto! Nikaruka kama nimeumwa na siafu. Risasi iliingia kwenye kichuguu, mbali na dumu. Lakini hakulala chini. Alisimama pale, mdomo wazi, anasikiliza mlio unavyoenda mpaka kwenye vilima na kupotea. Akageuka, akaniambia kama mtu aliyeona muujiza: "Imepita."

Ya pili alitoboa dumu katikati. Papa, katikati! Alipiga kelele mwenyewe kuliko bunduki. Wafanyakazi walikimbilia kumbeba, mpaka Bambo akawakemea kwanza aiweke bunduki chini, mtutu kwenye kichuguu, ndiyo wambebe.

Na ya tatu? Alimwomba Bambo, "Hii ni ya Mama Kabati." Njo jina alilonipa, kwa sababu ya kabati nisilokuwa nalo. Bambo akacheka, akanisimamisha. Mi sikuhitaji kufundishwa miguu, niliiona kwako. Nikakumbuka ulivyosema usivute, bana tu kama unakamua ndimu. Nikakata pembe ya dumu, pale kwenye mfuniko! Bega bado lina alama ya bluu, na kila nikivaa namwonyesha Byamungu, na yeye anasema ni nishani yangu. Nilitaka kukutumia ganda, lakini Bambo aliyaokota yote, maana polisi wanayataka. Wewe utaelewa hiyo kuliko mtu yeyote.

Kuna vitu natamani ungeviona. Bambo akipitisha kidole kwenye kitako na kurudia tena. Byamungu amekaa nyuma ya gari tukirudi, upepo kwenye uso, anaimba kwa sauti ile mbaya ninayoipenda. Tulipofika Dzaleka, kuna tairi la kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, lilipasuka karibu na soko, pa! Nikamwangalia. Bega lilishtuka, mkono ukanitafuta, ukanishika. Lakini tulibaki wima. Akasema, "Imepita," na tukaendelea kutembea. Sisemi amepona, Papa. Juzi akiwa usingizini alipiga kelele tena. Lakini sasa ana neno la kujiambia, na neno hilo limetoka kwako.

Bambo amempa kazi ya milango yote ya ghala lake jipya, na ubao mwingine wa mninga, mkavu, kwa ajili ya kabati. Na ule wa kwanza, Papa, ulibaki kipande kirefu chembamba. Byamungu hakuniambia anafanya nini nacho. Jana nilimkuta anakisugua mafuta. Ni fimbo. Ya mguu wako. Alikuwa ameniuliza urefu wako mara tatu, nikadhani anataka kukushoneshea suti kwa siri. Sehemu ya kushika ameichonga ifuate kiganja, na alitumia kiganja changu kupimia kwa sababu nilimwambia mikono yangu ni yako.

Nisalimie shangazi mlezi wangu, mwambie mashuka aliyonitumia bado sijayatandika, nayaangalia tu. Msalimie mjomba fundi saa na kikohozi chake, na kaka mdogo anayesoma, asiache hesabu. Msalimie mchungaji wenu aliyekubali kusoma majina yetu ya ndoa kanisani ulipokataa kusimama kama mzazi. Simkasirikii mtu. Nina furaha mno, sina nafasi.

Kibali cha kusafiri kimetoka, kimegongwa muhuri, kiko ndani ya Biblia. Kwa hiyo washa simu, Papa, na usiseme uko kazini. Atakayebisha hodi ni yeye, si mimi. Mi nitasimama nyuma yake. Atakuwa ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki wazi kwa ajili yako. Uushike.

Ni mimi Riziki, binti yako wa kwanza, mke wa Byamungu, na napenda sana kuiandika hivyo. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.